As We Speak, Ng'ombe Wako Njiani

Jumapili, 3 Agosti 2025

Leo kanisani nimegundua dawa. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alisimama kutoa ripoti. Paa halijaezekwa tangu Pasaka, na watu walikuja wamejaa maswali. Akatoa leso, akapangusa paji la uso, akasema as we speak mafundi wako kazini. Basi! Maswali yote yakafa. Hakuna aliyechungulia dirishani kuona kama kuna fundi hata mmoja. Mimi nilichungulia. Kulikuwa na mbuzi.

As we speak! Maana yake jambo linatendeka sasa hivi, hapa tunapoongea, kwa hiyo nyamaza. Na mimi miaka yote hii nimekaa hapa Matisi, Kitale, nikisema "tutaona" na "nitajaribu" kama mtu asiye na kwao. Nimejionea huruma.

Jumatatu, 4 Agosti

Mazoezi. Asubuhi Rosaline, mke wangu, aliuliza kama nimemkatia Malkia nyasi. Malkia ni ng'ombe wake wa maziwa, mweusi mwenye mabaka meupe, aliyemlea kwa chupa tangu akiwa ndama. Nikajibu as we speak nyasi zinakatwa. Akauliza zinakatwa na nani, na panga liko chini ya meza. Huyu mwanamke hana imani.

Kwa Derrick muuza mbolea mambo yalikwenda vizuri zaidi. Nilimwambia as we speak mahindi yangu yamenipita kichwa. Akasema hongera, mzee. Mahindi yangu yananifika gotini, lakini hongera ni hongera.

Sasa shabaha yenyewe. Jumamosi tunakwenda Myanga, huko Bungoma, kwa Mzee Absalom, kumposea Ngari binti yake Nabwile. Ngari ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Kila safari ya namna hii msemaji wa familia huwa binamu yangu Gachanja wa Tuwan. Kwa nini? Kwa sababu ana koti la vifungo vya shaba na sauti ya kufukuza ndege. Mimi hupewa kreti za soda nibebe. Safari hii hapana! Baba mdogo wa bwana harusi ni mimi. Nitasema mimi.

Jumatano, 6 Agosti

Kikao nyumbani kwa Gachanja. Alikuwa amevaa koti tayari, eti ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kabla hajakohoa mara ya pili nilisimama. Nikasema kwamba as we speak Mzee Absalom ananitaja mimi kwa jina, anataka kusikia sauti yangu. Wazee wakatazamana. Mmoja akasema kama ni hivyo, nani atabishana na mkwe. Ikapita!

Mzee Absalom hajui hata jina langu. Lakini atalijua.

Gachanja alivua koti polepole, akasema hajisikii vizuri tumboni, hatasafiri. Nilimpa pole. Nilifurahi mpaka nikasahau kofia yangu huko.

Ijumaa, 8 Agosti

Ngari alikuja, uso umemshuka. Ati baba mdogo, tafadhali, useme kidogo tu. Akanieleza kwamba mchumba wa kwanza wa Nabwile alifukuzwa na Mzee Absalom kwa sababu wazee wake waliahidi wasichokuwa nacho. Mzee huyo anachukia uongo kuliko kiangazi. Ngari akasema bila Nabwile hajui ataishi vipi. Machozi yalimlengalenga. Kijana mzima!

Nikamwambia alale usingizi. Ng'ombe wa mahari tulishakubaliana na wakwe zamani kwamba wataletwa baada ya mavuno. Kazi yangu ni kula kuku na kusema asante. Gachanja naye alipiga simu kunikumbusha hilo hilo: ukiulizwa ng'ombe, sema "baada ya mavuno," kisha ukae chini. Nikamjibu as we speak nimeshakaa chini. Wivu ni kitu kibaya.

Jumapili, 10 Agosti

Jana sikuandika. Sikuweza kushika kalamu.

Tulifika Myanga vizuri, mimi, Ngari, Rosaline na wazee. Mapokezi mazuri, viti vya kukodi, hema. Kuku wakaletwa, na firigisi ikawekwa kwenye sahani yangu mimi, heshima ya mgeni mkubwa! Nikatazama pande zote kuona kama kila mtu ameiona. Mzee Absalom akanawa mikono, akauliza kwa upole tu, maneno ya kupasha chakula moto, ng'ombe wetu huko Kitale wanaendeleaje.

Jibu nililijua. Baada ya mavuno. Maneno matatu, na mdomo ulikuwa wazi tayari. Lakini watu wote walikuwa wananitazama mimi, na ile firigisi ilikuwa inang'aa. Nikatoa leso. Nikapangusa paji la uso. Nikasema: Mzee, as we speak, ng'ombe wako njiani.

Mzee Absalom akasimama. Uso wake ulichanua kabisa. "Njiani? Leo? Basi chakula kirudi jikoni!" Kumbe katika boma lake hakuna anayekula ng'ombe wakiwa barabarani. Lazima kwanza waingie langoni, wapokewe na akina mama kwa nyimbo, ndipo watu washike tonge. Sahani zikaondolewa. Firigisi yangu ikaondoka mbele ya macho yangu. Akina mama wakakimbilia langoni, majirani wakaitwa, vijana wakaanza kurekebisha zizi. Ngari alinitazama tu. Afadhali angenitukana.

Nikaenda nyuma ya choo, nikampigia Gachanja. Alinifanya niseme tafadhali mpaka aridhike. Nikamwambia alete ng'ombe yeyote, mweusi, mweupe, kiwete, bora awe na miguu, na nitalipa baadaye. Akauliza mara mbili: yeyote? Nikasema yeyote! Upesi!

Tukakaa. Jua likatuhama, kivuli kikatuhama. Njaa! Kila nilipoulizwa wamefika wapi nilisema as we speak wako Webuye, halafu as we speak wanakaribia mjini Bungoma. Mzee wa upande wao alianza kununa, akasema hata wale wa kwanza walikuwa na ng'ombe wa mdomoni. Nabwile alitoka jikoni, akasimama karibu na Ngari, wote wawili wakitazama barabara. Hapo moyo uliniuma kweli kweli.

Jioni lori likaingia. Gachanja mbele, koti, vifungo vyote. Nyuma, Malkia.

Malkia wetu! Gachanja alipitia kwangu Matisi kwa sababu zizi langu liko njiani, na nilisema yeyote. Akina mama wakapiga vigelegele. Rosaline alikuwa katikati yao, amefungwa leso kiunoni kama mgeni wa heshima, mdomo wazi kwa wimbo. Akamwona. Wimbo haukutoka. Malkia naye akashuka, akampita Mzee Absalom na wazee wote, akaenda moja kwa moja kumlamba mkono. Mzee Absalom akacheka kwa furaha, akasema hawa ni watu wa kweli, wameleta ng'ombe anayejua watu, si wa kuokota mnadani. Harusi Desemba! Ngari alinikumbatia mpaka mbavu zikalia.

Rosaline aliimba mpaka mwisho. Nyumbani hajafungua mdomo tena.

Gachanja ndiye aliyekula firigisi.

Jumanne, 12 Agosti

Rosaline ameenda kwa dada yake Nyaruai, Kiminini. Alisema sentensi moja mlangoni: atarudi siku atakayosikia kuna ng'ombe zizini. Chai bila maziwa. Nyumba kimya. Ngari anapiga simu kila saa kushukuru, na kila shukrani inanichoma. Sikujua mtu anaweza kumkosa mke anayemkemea.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimefikiri sana na nimeona kosa langu. Pale Myanga nilisema kwa sauti ya chini. Maneno kama yale yanataka kifua.

Kwa hiyo leo nimempigia Rosaline, nikajaza kifua, nikamwambia: Mama Joan, as we speak, kuna ng'ombe zizini, ananenepa, anakuuliza wewe. Akacheka kidogo! Kicheko chake mwenyewe, cha zamani. Akasema haya, Baba Joan, kumbe una moyo. Anakuja leo leo, atamkamua mwenyewe.

Nimekimbia kwa jirani yangu Kiplimo kuazima ng'ombe wa jioni moja tu. Anasema ng'ombe wake wote wa maziwa wako malishoni mpaka kesho, amebakisha fahali.

Nimechukua fahali. Nimemfunga zizini, nimempa nyasi, nimempangusa pembe. Amenipiga teke mara moja tu, na si la chuki. Lango linafunguliwa. Rosaline amebeba ndoo.