Ombi la Kutangazwa Rasmi Kuwa Supu Yangu ni Mbaya

Gura Baltei,
wiki ya kwanza baada ya Pasaka

Kwa Bi. Ruxandra Telegaru,
Mratibu, Mradi wa Taifa wa "Sauti za Ua Mmoja"

Ndugu Mratibu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ofisi yako ikiwa na joto la kutosha, maana najua majengo ya serikali huzimiwa moto mara tu kalenda inapotangaza kwamba baridi imekwisha, hata kama baridi yenyewe haijapata habari. Mimi ni Condrat Afanasov, mwalimu mstaafu wa historia, mgane, Mrusi wa imani ya kale, au Mlipova kama tunavyoitwa hapa ziwani. Kama jina langu halikukumbushi kitu, basi huenda unaifahamu supu yangu ya samaki. Ndiyo ile inayosifiwa katika filamu yenu.

Kabla ya kulalamika, haki itendeke. Mradi wenu ni mzuri. Kuzikutanisha shule za Kiromania, za Kirusi, za Kitatari na za Kibulgaria, kuwapa wanafunzi kamera na vinasa sauti, na kuwaacha waiandike kwa pamoja historia ya watu wote walioijaza nchi hii, ni jambo nililowaomba wakubwa wa elimu nikiwa bado na nywele. Nimeigusa ile ramani ya kioo katika ukumbi wa utamaduni. Ukiweka kidole juu ya kijiji chetu, inaimba. Nimemsikiliza bibi wa Kibulgaria akieleza jinsi mama yake alivyofunga mafagio, nikasikiliza tena. Sina neno. Lalamiko langu linahusu kipande kifupi tu cha filamu, ambacho kimenipotezea jirani. Naomba niruhusiwe kulipanga kwa namba, kwa faida ya wasaidizi wako.

1. Filamu yenu inamwonyesha Mzee Septar Menlibai, Mtatari, fundi wa pampu za maji aliyestaafu, ambaye ua wake na wangu vimetenganishwa na uzio wa matete. Ameketi mezani kwangu, kijiko mkononi, anasema: "Supu ya Mwalimu Condrat ni tamu sana." Chini yake pameandikwa: "Majirani wa dini mbili, meza moja." Maandishi ni kweli. Meza ni moja. Maneno ya Septar ndiyo uzushi, na aliyatamka kwa kushurutishwa.

2. Hapa sina budi kueleza, na nisamehewe kama nitaeleza zaidi ya inavyohitajika. Nimelipwa mshahara maisha yangu yote kwa kosa hilohilo.

Katika Gura Baltei, mgeni husifu chakula. Jirani hukilaumu. Mtu akihamia hapa, nasi tukampelekea sahani, atasema ni kitamu, nasi tutamshukuru na kumhesabu mgeni. Itapita miaka. Siku moja ataonja mkate wa nyumba fulani na kusema umekaushwa vizuri kwa ajili ya kuzuia mlango usipigwe na upepo. Siku hiyo mwenye nyumba hufuta mikono, hutoka nje na kuwaambia wenzake, "Sasa wamehamia." Marehemu mke wangu Uliana alilia kwa furaha jikoni siku mamake Septar alipomwambia kwamba keki yake ya Pasaka ingefaa kuwa nanga ya mashua.

Desturi hii ina sababu ya kihistoria, ambayo naipendekeza kwa kitabu chenu. Mahali penye lugha nyingi, kusifu ni jambo la siku ya kwanza: "tamu", "asante", na safari inaendelea. Lakini kulaumu supu ya mtu kwa lugha yake, kwa namna ambayo yeye atacheka na shemeji yake atanuna, kunahitaji muda mrefu wa kuishi pamoja. Septar huilaumu supu yangu kwa Kirusi ambacho padri wetu hana. Mimi hulaumu pai zake za nyama kwa Kitatari. Kiromania tunakitumia kwa daktari na kwa watu wa kodi. Hilo ndilo lililopaswa kurekodiwa, Ndugu Mratibu. Hiyo ndiyo historia ya taifa, na iliketi mbele ya kamera yenu ikiwa na kijiko mkononi.

3. Kwa kweli kamera iliipata. Bi. Miruna, mwongozaji wa filamu, mtu mwema ambaye simlaumu (naye ni mgeni, kwa hiyo sina haki ya kumlaumu), alimwomba Septar aonje na kusema lolote la moyoni. Septar akaonja, akafikiri kama mtu anayejiheshimu, akasema: "Haya ndiyo maji waliyonawia samaki. Samaki wenyewe walikwenda kuliwa kwingine."

Nilijisikia vizuri sana. Ilikuwa kauli mpya. Alikuwa ameiandaa kwa heshima ya kamera. Lakini Bi. Miruna alisimamisha kila kitu.

"Mzee Septar, samahani sana. Hii itaangaliwa na watoto wa shule nchi nzima. Watadhani Watatari na Walipova hawapatani."

"Binti yangu," Septar akamwambia, "tusingepatana ningeimaliza bakuli hii?"

"Najua, mzee wangu. Lakini tuseme tu kitu kizuri. Kifupi."

Septar ni mtu wa adabu. Kumkatalia mgeni hawezi. Alinitazama, nami nikatazama ugali wa mahindi uliokuwa ukipoa katikati yetu, kisha akasema yale maneno. Akaombwa ayarudie, maana ndege ilipita. Akayarudia kwa upande wa dirisha. Akayarudia mkono ukiwa begani kwangu, mkono ambao haujawahi kufika hapo hata siku ya mazishi ya Uliana, kwa sababu siku ile alikuwa na kazi ya maana zaidi: alikaa jikoni kwangu akilaumu kila sahani iliyoletwa na majirani, moja baada ya nyingine, hadi nikala.

4. Filamu sasa inaonyeshwa ukumbini, kwenye kioo chenye vitufe, kimoja kwa kila kijiji. Bi. Zinovia, mwenye funguo za ukumbi, amenithibitishia kuwa kitufe chetu kimechakaa kuliko vyote. Watu wanaingia, wanabonyeza, Septar ananisifu, wanacheka hadi wanashika ukuta. Wavuvi wanamsalimia barabarani, "Mzee Septar, leo tamu?" Muuza mikate akamuuliza ikiwa mimi na yeye tumegombana, na kama kuna mtu wa kutusuluhisha.

Tangu hapo Septar hajavuka lango langu. Mwanzoni sikumwelewa. Baadaye nilielewa kwamba hana namna ya kurudi. Aje aseme nini? Akiilaumu supu, amejifanya mwongo mbele ya taifa. Akiisifu, amejifanya mgeni mbele yangu. Mtu aliyebaki na maneno mawili tu, yote mabaya, hukaa kwake.

5. Ilipofika Pasaka mambo yalizidi. Kila Pasaka yetu, Septar ndiye huwa wa kwanza kuingia, kabla hata ya ndugu zangu kutoka kanisani, na huanza kulalamika akiwa bado langoni. Safari hii nilipika chungu cha watu wawili. Nikaketi. Aliyekuja ni mkewe, Bi. Sabria, na sahani ya pai.

"Mzee amekwambia Pasaka njema, Mwalimu. Anasema ana mgongo."

"Mgongo gani?"

"Wa kusingizia," akasema. "Mwalimu, naomba umchukue mtu wako. Siku hizi analaumu cha kwangu asubuhi na jioni. Mimi nilizoea kugawana lawama zake na wewe."

Naungama kwamba niliumia, na kwa kuumia nilifanya jambo la ukatili. Nilionja pai mbele yake nikasema kwa sauti ya utulivu: "Mwambie ni nzuri mno. Mwambie sijapata kula pai kama hizi." Bi. Sabria alibadilika rangi. Alichukua sahani yake akaenda bila kuaga. Kesho yake asubuhi nilisikia upande wa pili wa uzio Septar akiwaambia wapita njia, kwa sauti ya kunifikia, kwamba miche yangu ya nyanya mwaka huu inapendeza. Tumefikia huko, Ndugu Mratibu. Tunasifiana.

6. Na ugonjwa unaambukiza. Padri wetu, kwa kuiga filamu, ameusifu mti wa tini wa imamu. Imamu hakulala. Kesho yake naye akausifu uimbaji wetu wa kanisani, ambao watu wote, pamoja na wanaoimba, wanaujua ulivyo. Endapo hali hii haitazuiwa, naona siku ambayo kijiji kizima kitakuwa na wageni watupu, kila mmoja akipita mbele ya nyumba ya mwenzake akitabasamu, na hapo wataalamu wenu watakuja kutupiga picha nyingine kama mfano wa kuigwa.

7. Kitabu cha mazoezi kinachoandamana na filamu kinauliza, ukurasa wa kijiji chetu: "Taja mambo mawili ambayo Mzee Septar anayapenda katika supu ya Mwalimu Condrat." Wanafunzi wanajibu "ladha" na "urafiki" na wanapewa alama zote. Mimi nimesahihisha madaftari hadi macho yakachoka, na sikuwahi kumpa mtoto alama kwa jambo ambalo halikutokea.

Kwa sababu hizo, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo:

Kwanza, kauli ya Septar iliyokatwa irudishwe, na ile ya kusifu iondolewe kila mahali ilipofika.

Pili, kwa kuwa kuondoa peke yake hakutamsafisha, ofisi yako itoe tangazo lenye mhuri, katika lugha zote za mradi, kwamba supu ya samaki ya Condrat Afanasov ni mbaya, imekuwa mbaya kwa muda mrefu, na kwamba Mzee Septar Menlibai alilijua hilo wakati wote.

Tatu, ili tangazo lisipingwe, iundwe tume ya waonjaji, mmoja kutoka kila jamii iliyomo katika mradi, ije hapa ile na ihukumu. Nitapika mwenyewe. Najitolea kutumia samaki wa jana kama tume itaona inafaa kwa ushahidi.

Nne, uamuzi wa tume uingizwe katika mtaala wa historia, darasa la saba, kati ya sura ya kuhamia kwa Walipova na ile ya kuja kwa reli.

Najua ofisi hupata barua nyingi za watu wanaotaka kusifiwa zaidi. Ninachokuomba mimi ni kidogo kuliko hicho na hakina gharama: nilaumiwe kwa haki, na mtu yuleyule.

Nisalimie wote wa ofisini, Bi. Miruna hasa, na umwambie sina kinyongo. Nisalimie na mzee wa kwenu mlangoni anayepokea barua, na walimu wa shule zote za mradi, na kila mtoto aliyebeba waya katika ua wangu bila kukanyaga vitunguu.

Wako katika kuitafuta kweli,
Condrat Afanasov
Mwalimu mstaafu

Nyongeza: Nina mazoea ya kusoma kwa sauti nilichoandika kabla ya kukifunga, ili nisikie pale sentensi inapochechemea, nami husomea nje penye mwanga. Nilipofika kwenye tume ya waonjaji, sauti ikatoka nyuma ya matete: "Tume gani? Waje kina nani?" Nikaendelea na mtaala wa darasa la saba. Lango likafunguka, Septar akaingia bila salamu, amevaa ndala za nyumbani, akasema barua yangu ni ndefu kama ibada yetu ya kusimama na haina hata mahali pa kukaa. Kisha akauliza ni mtu gani huyo wa mjini atakayekuja kukaa kwenye kiti chake na kusema supu ya Condrat ni mbaya. Nikamweleza kwamba ndilo lengo la ombi. Akasema mtu wa namna hiyo akifika, atamtoa nje yeye mwenyewe, na mhuri wake. Haki hiyo, anasema, haitolewi na ofisi.

Kwa hiyo naomba msiondoe chochote, msitangaze chochote, wala msimtume mtu. Barua nimeona niitume hata hivyo, kwa kuwa imeshaandikwa vizuri. Naishia hapa kwa haraka: amefunua chungu, ameonja kwa upawa, na sasa anauliza kwa Kirusi kama hapa amefiwa mtu au huu ndio upishi wenyewe.