Kidole cha Spika

Kwa. Kwa. Kwa. Ndolo alijua ni goti la Musembi kabla Musembi mwenyewe hajatokea pembeni ya kibanda cha chai cha Mutindi, hapo sokoni Wote. Ndiyo maana walimbatiza Mlango: ule wa kuhitaji grisi.

Leo Ndolo hakucheka. Kesho angepeleka mbuzi wa ntheo, wa kufungulia mahari, ukweni, kumposea mwanawe, na msemaji wake, Nyamai Spika, alikuwa amepandisha mguu kwenye kreti ya soda, kidole gumba kimeiva kama nyanya.

"Redio inasema gauti imezidi siku hizi," Mutindi alisema akimimina chai.

"Hii si gauti," Spika alisema. "Ndolo alinitegea uchawi. Jumapili tukipanga safari nilikanyaga kitu mlangoni kwake. Usiku kidole kikawaka, hata shuka ikigusa naona mababu. Ukweni siendi."

"Ulikanyaga mfupa," Ndolo alisema. "Wa mbuzi uliyemmaliza peke yako."

Mlango aliketi, goti likilipigia benchi hodi. "Spika, ulikula nini?"

"Kidogo tu. Maini. Figo. Matumbo. Kichwa."

"Na kaluvu?"

"Ya kuteremshia."

"Basi ulijiroga kwa mdomo, mzee. Nyama na pombe vikizidi, asidi inajaa kwa damu, inaganda kama sindano ndani ya kiungo. Unalala mzima, unaamka unalia. Hili goti langu ni lingine. Lilikuja polepole, miaka. Asubuhi limekaza, nikitembea linalegea. Daktari alisema gegedu limelika: uzee, na kitambi."

"Si unigawie vidonge vyako."

"Vyangu ni mazoezi na kupunguza chapati. Unataka?"

Spika alikata kipande kingine cha chapati yake.

"Wewe upimwe damu, upewe dawa ya uvimbe," Mlango alisema. " Ikirudi-rudi, kuna ya kila siku. Kwenu kuna mwingine aliumwa hivi?"

"Baba," Spika alisema taratibu. "Tukadhani ni jirani. Tulihama boma mara mbili."

"Na kidole?"

"Tulihama nacho."

Hapo hata Ndolo alicheka, lakini jicho lake halikutoka kwa Spika. Spika alishusha mguu, akakunja uso, akashika bega la Ndolo.

"Ndolo, nisamehe. Naenda hospitali sasa hivi. Kesho nitakusemea, hata mkinisukuma kwa wilbaro. Na nyama sitagusa."

"Na supu?" Mutindi aliuliza.

Spika alifumba macho kama mtu aliyefiwa.

"Na supu, Ndolo. Naapa."