Marumaru ya Shimo la Ndizi

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Mwalimu Medard, mtu wa Bukoba aliyeletwa kufundisha watoto wetu jiografia, kanieleza leo jinsi mawe yanavyobadilika. Jiwe la chokaa likizama chini sana ardhini, joto na uzito wa miamba hulibana. Haliyeyuki. Linajipanga upya ndani kwa ndani, linakuwa marumaru. Eti huchukua mamilioni ya miaka. Mamilioni! Hiyo kasi ya shirika la umma. Siku hizi ni soko huria. Mtu binafsi mwenye akili hamalizi wiki. Jirani yangu Hezron kafungua duka la mitumba, basi anajiona tajiri. Ngoja, bwege we. Mbeya kuna bwana anatafuta marumaru ya sakafu ya hoteli.

Jumanne, 6 Agosti
Gunia la mawe ya chokaa limefika kutoka Songwe. Joto je? Liko uani: shimo la kuvundikia ndizi! Mke wangu Tupokigwe kafukia humo mikungu ya harusi ya mdogo wake, itakayofanyika Jumamosi kwao Lupepo. Kaapa nikiigusa anarudi kwao moja kwa moja. Hana jicho la biashara.

Jumatano, 7 Agosti
Tupokigwe kaenda Kinyala kuazima masufuria, atalala huko. Nimefukua. Mawe chini, ndizi juu, udongo. Wanawake huwasha kimoto pembeni, moshi uingie tu. Moto wa woga! Mimi nimekoka magogo. Kwa uzito, pipa la maji, na juu yake mimi mwenyewe. Mwalimu kapita, kacheka hadi kashika ua asianguke. Wivu wa wasomi.

Ijumaa, 9 Agosti
Tupokigwe kafungua shimo mbele ya shangazi zake. Ndizi nusu zimeungua, nusu uji. Lakini mawe meusi, yanang'aa! Nikatangaza marumaru nyeusi. Hezron, ambaye hakualikwa, akapitisha kidole gumba. Masizi. Chini yake chokaa ileile.
Tupokigwe kageuka, kaingia ndani. Kafunga nguo zake kwenye kanga, kaondoka. Imeniuma sana.

Jumapili, 11 Agosti
Nimekwenda Lupepo kuomba radhi. Baba mkwe hakunipa hata kigoda. Kasema wamewalisha wageni ndizi za kununua, wamechekwa. Nikimtaka mke wangu, niwachimbie choo kipya, kirefu kuliko vyote vya Lupepo, kwa mikono yangu.
Nikakubali kabla hajamaliza. Mzee kalainika, kasema kumbe mtu hubadilika. Tupokigwe kanitazama, nadhani kwa upendo.
Kirefu! Kumbe nilichokosa ni kina tu. Kesho alfajiri naondoka na sururu, sepetu na gunia la mawe.