Ombi la Kurudishiwa Ukimya Wangu

Kwa Binti wa Marehemu Kaka Yangu,
Fundi wa Sauti,
Studio ya Ghorofa ya Pili, Juu ya Duka la Viatu.

Mwanangu mpendwa,

YAH: SAA MBILI NA DAKIKA ISHIRINI ZA KIMYA CHANGU ZILIZOPOTEA MIKONONI MWAKO

Natumaini u mzima, na mumeo pia, na mafua ya mtoto yameisha. Mimi sijambo, ila nimekasirika, na kwa kuwa hasira ya mtu mzima haitoshi kwenye simu, nimeona niiandike.

Unakumbuka jinsi jambo hili lilivyoanza. Ninyi watoto mliniomba nisimulie habari za ukoo kabla sijaanza kuzisahau. Nikakaa sebuleni siku nne mfululizo, kila baada ya chakula cha mchana, kinasa sauti chako kikiwa mbele yangu, nikasimulia saa tisa kamili. Nikakuletea saa hizo studio kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mayai. Nilidhani utazipangusa vumbi na kuzihifadhi. Badala yake ulinivutia kiti, ukanionyesha kwenye kompyuta visanduku vya rangi rangi vilivyounganishwa kwa nyaya za kuchorwa.

Ukasema, "Baba Mdogo, siku hizi programu hatuiandiki, tunaichora. Kisanduku hiki kinameza sauti. Hiki kinasikiliza. Kikikuta kimya cha nusu sekunde, hiki cha tatu kinakata. Cha nne kinaweka namba."

Ukabonyeza, tukanywa chai, na kabla kikombe changu hakijafika nusu, maisha yangu yalikuwa vipande elfu nne mia mbili kumi na viwili.

Ulifurahi sana. Mimi pia nilipiga makofi, kwa sababu nilikuwa sijaelewa. Sasa nimeelewa, na malalamiko yangu ni haya.

1. Mashine yako haijui tofauti kati ya mtu aliyemaliza kusema na mtu aliyetua. Unajua kwamba nilitangaza kwenye stesheni ya treni kwa miaka thelathini na mmoja. Nilikuwa nasema, "Treni ya saa nne asubuhi." Halafu natua. Katika kutua huko abiria waliweka mizigo chini, wajawazito waliegemea ukuta, wazee walitafuta benchi. Ndipo nilipomalizia, "Haitakuja." Miaka yote hiyo hakuna aliyezimia. Nusu sekunde, mwanangu, haimtoshi mtu hata kutua begi.

2. Nilikupa saa tisa. Nimejumlisha vipande vyote kwa kalamu na karatasi, nimepata saa sita na dakika arobaini. Nilipokupigia kuuliza zilizobaki ziko wapi, ulijibu bila wasiwasi wowote, "Zile sehemu za kimya? Nimezifuta, Baba Mdogo. Hazina kitu."

Hazina kitu! Hiyo ndiyo hazina yenyewe! Humo ndimo nilimomkumbuka mama yangu, bibi yako, amesimama mlangoni na unga mikononi, ananiita, nami nikashindwa kusema lolote kwa muda. Kumbe wakati huohuo vikohozi vyangu mashine imevihesabu kuwa ni maneno. Nimekohoa mara mia tatu na kumi na sita, na kila kikohozi kimepewa faili lake na namba yake, kama mfungwa. Kikohozi kina namba. Mama yangu hana.

3. Habari ya babu yako. Mimi nilisema, tena kwa mapenzi, "Babu yenu alikuwa mwizi wa mioyo ya watu." Bahati mbaya nilitua baada ya neno "mwizi", maana ni sentensi nzuri na nilitaka waisubiri. Sasa kipande namba 212 kinasema, "Babu yenu alikuwa mwizi." Kipande namba 213 kinasema, "Wa mioyo ya watu." Wewe ukaviweka vyote kwenye kundi la simu la ukoo, ati kila mtu achukue anachokipenda. Shemeji yangu, yule mwenye mdomo, alichukua 212 akawagawia marafiki zake. Mpaka leo 213 amekataa kuipokea. Anasema simu yake imejaa. Nimepigiwa na wazee watatu wakiuliza marehemu aliiba nini. Mmoja hakuuliza. Anadai baiskeli yake.

4. Mke wangu. Hapa naomba usome ukiwa umekaa.

Siku ile mama yako mdogo alipokuja studio kukurudishia mwavuli, ulimwonyesha visanduku, halafu ukampa ile kompyuta yako ya zamani akajifunzie nyumbani. Mwanamke huyu, ambaye hadi mwaka jana alikuwa akiniita nimwashie runinga, sasa anavuta nyaya kama mshonaji anavyovuta uzi. Amevipanga vipande vyangu kwa matumizi ya kila siku. Nikiuliza chakula, anabonyeza, nami najijibu mwenyewe: "Kila mtu ajipikie." Hayo niliyasema kuhusu kambi ya wafanyakazi wa reli mwaka ule mpishi aliposusa. Nikilalamika, ananibonyezea: "Nilikuwa mjinga sana." Mtu hawezi kubishana na sauti yake. Nimejaribu. Nilishindwa mara mbili kwa siku moja.

Juma lililopita nilitoka kwa kinyozi nikamkuta fundi rangi sebuleni, ameshapaka ukuta mmoja kijani cha chura. Nikamwuliza ni nani aliyemruhusu. Akanitazama kwa huruma.

"Ni wewe, mzee. Nilikuwa nimesimama hapa hapa. Mama aliuliza kwa sauti, 'Baba, umekubali kijani?' Nawe ukajibu kutoka chumbani, 'Nakubali kabisa.'"

Nikamwambia wakati huo nilikuwa kwa kinyozi. Akakitazama kichwa changu, ambacho unajua hakimpi kinyozi kazi nyingi, akasema, "Pole, mzee," akahamia ukuta wa pili. Barua hii naiandika nikiwa ndani ya chura.

5. Afya yangu. Baada ya hayo niliamua kuwa kuanzia sasa nitasema bila kutua popote, ili siku ukinirekodi tena mashine isipate pa kupitisha kisu. Nilianzia getini kwa kumsalimu jirani, nikaunganisha na habari za mvua, nikalipita duka la dawa ningali naendelea, na nilipofika kwa muuza nyama nilikuwa sijavuta pumzi ya maana. Walinikalisha juu ya kreti la soda. Muuza nyama alinipepea kwa gazeti akisema, "Mzee, tua kidogo, tua kidogo." Mtu ambaye kazi yake ni kukata kutwa nzima anajua faida ya kutua! Wewe msomi umeijenga mashine isiyojua.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima na bila utani wowote, kimya changu kirudishwe chote, kila kimya mahali pake, kisichanganywe na cha mtu mwingine. Naomba pia kiongezwe kisanduku cha tano, katikati ya kile kinachosikiliza na kile kinachokata, na kazi yake iwe moja tu: kuuliza, "Samahani, mzee, umemaliza?" na kusubiri jibu. Kisha ukoo mzima ukutane Jumapili ya mwisho wa mwezi, usikilize saa mbili na dakika ishirini za kimya changu, bila mtu kushika simu wala kusinzia. Viti nimeshaazima. Baada ya hapo nitapokea maswali.

Ombi hili lisipotekelezwa ndani ya siku kumi na nne, nitaiondoa sauti yangu katika ukoo. Nitasalimia kwa mkono, nitabariki harusi kwa kutikisa kichwa, na mkitaka habari za mababu mtamwuliza shemeji.

Nisalimie mumeo, mtoto, mama yako, yule mpokea wageni wa studio aliyenipa kiti chenye magurudumu, na mwenye duka la viatu. Mama yako mdogo naye anakusalimu, kwa sauti yangu.

Ni mimi, mwenye kutua,
Baba yako Mdogo,
Mtangazaji Mstaafu wa Stesheni.

Baada ya sahihi: Bahasha nilikuwa nimeshaigundisha. Nimeifungua kwa mvuke wa birika, kwa hiyo usishangae ilivyokunjamana.

Shangazi yako, dada yangu mkubwa, amenipigia simu mchana huu. Unajua hatujasemezana miaka kumi na mmoja, tangu nilipompa mtu cherehani ya mama bila kumwuliza. Kwenye ile rekodi nilisema, "Dada anangoja niseme nilikosea, na atangoja sana." Neno "nilikosea" nililitenga huku na huku kwa kutua, ili kulidharau vizuri. Mashine ikalichukua peke yake, kipande namba 2,907. Na mtu mmoja, simtaji, yuko jikoni anajifanya anaosha vyombo, akampelekea.

Dada akaniambia, "Nimekusikiliza mara saba, mdogo wangu. Nilikuwa nangoja hilo tu." Kisha akalia. Nilifungua mdomo kumweleza kwamba limekatwa. Nikajikuta namwuliza anakuja lini.

Anakuja Jumamosi. Kwa hiyo usirudishe chochote, viache vyote vilivyo. Na ile rekodi nzima ya saa tisa, kama bado unayo mahali, ifute kabla hajafika.