Ombi la Kurudishiwa Sifa Mbaya ya Mtaa wa Santa Brígida

Jiji la Meksiko,
Jumanne, 9 Juni

Ndugu Mhariri,

Pokea heshima zangu, na nyuma yake malalamiko yangu. Katika toleo la Jumapili mliandika kwamba mtaa wetu wa Santa Brígida ni wa nne kwa usalama katika jiji zima. Hakuna aliyewahi kututendea ubaya wa namna hii. Naomba masahihisho, kwa sababu zifuatazo, ambazo nimezinakili kutoka kwenye shajara yangu.

1. Sifa mbaya ndiyo iliyokuwa kufuli letu. Madereva wa teksi walitushusha barabara kuu na kugeuza. Shemeji yangu wa Puebla hakukanyaga hapa miaka kumi na tisa. (Hilo silalamikii.) Hakuna aliyevitamani vyumba vyetu, nasi tukaishi.

2. Wageni waliofuata usalama wamekuja na woga wao. Tarehe 14 Machi, kundi la simu la ulinzi wa mtaa liliarifiwa kwamba mwanamume mwenye baiskeli anapuliza filimbi kwenye kona kuwapa majambazi ishara. Huyo ni Don Nabor, mnoa visu. Filimbi ndiyo tangazo lake, kama ilivyokuwa la baba yake. Magari mawili ya polisi yakaja. Sajini akasema, "Ah, Don Nabor, ni wewe tena?" "Ni mimi tena, mkuu. Lete basi kile kisu cha mkeo, maana nimeshasimamishwa." Siku hizi anapita kimya kama mwizi, hatujui amefika lini, na visu vya mtaa mzima havikati hata nyanya.

3. Mwaka 2009 nilichora kwa mkono wangu bango la langoni: MWIZI, TUKIKUKAMATA HATUITI POLISI. Tarehe 2 Aprili liliondolewa, eti linatisha wapangaji. Tarehe 20 nikayakuta maneno yangu yamechapwa kwenye mifuko ya kitambaa, katika mkahawa uliochukua mahali pa fundi viatu. Muuzaji akaniambia, "Chukua mmoja, babu, ni wa kienyeji huu, unapendeza!" Nikamjibu kwamba mwenyeji ni mimi, na mimi sipendezi.

4. Hata mwizi wetu, Chapulín, kodi imemshinda, amehamia Chalco, mbali nje ya jiji. Nilikutana naye sokoni. "Siwezi tena, Don Cuco. Mwendo wa saa mbili na nusu kuja, mwendo wa saa mbili na nusu kurudi. Nitaiba saa ngapi?" Kwa hiyo usalama mnaousifu ni foleni ya magari tu. Tena alikuwa mwizi mwenye utu: alipochukua redio yangu, mama yake aliirudisha ikiwa na betri mpya.

5. Tarehe 1 Juni mwenye nyumba alitugawia barua, familia zote tisa za ua wetu: kwa ajili ya usalama wetu, tuhame ifikapo tarehe 30, kwa kuwa kuta ni hatari. Kuta hizohizo zitapakwa chokaa, na hatari itaisha. Niko chumba namba sita tangu 1983. Tetemeko la 1985 lilizitikisa kuta hizi likaziacha. Mke wangu Amparo alifia humu, kwa sukari, si kwa ukuta.

Kwa hiyo naomba muandike kwamba sisi ni wa nne kutoka mwisho. Mkitaka ushahidi, tutautengeneza. Doña Eduviges wa chumba cha jirani, mwenye miaka 78, amejitolea kuibiwa Alhamisi yoyote baada ya misa, mradi mkoba usichanwe. Mimi nitapiga kelele. Mpiga picha wenu akihitaji damu, muuza nyama ameahidi ndoo.

Wasalimie wenzako wote ofisini, na hasa aliyeandaa ile orodha. Mwambie hatuna kinyongo naye, tunataka tu kujua anapoishi.

Ni mimi, wako katika hatari,
Refugio Montaño, yaani Don Cuco

N.B. Kabla sijafunga bahasha, dalali amemleta binti mmoja kutazama chumba changu. Nilikuwa nimejiandaa: mauaji matatu na mzimu mmoja. Dalali alipotoka kupokea simu, binti akaninong'oneza, "Niambie ukweli, babu. Sijawahi kuishi peke yangu. Hapa ni salama?" Nikajikuta nikimjibu, "Salama kabisa, mwanangu. Mlango huu sijawahi kuufunga kwa ufunguo. Ukiugua, gonga ukuta tu, Doña Eduviges atakuja na supu."

Amekichukua. Nilisahau kumwambia kwamba Doña Eduviges naye anahama tarehe 30.