Konokono wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Mkuu wa shule ametangaza kwamba maabara yangu itageuzwa stoo ya mipira. Eti haina faida. Mwalimu wa michezo, yule ninayemwita Kifua Mbele, keshaanza kupima kuta kwa hatua. Nimekaa na konokono wangu kando ya tangi lake, machozi yakinilengalenga. Kanyoosha pembe zote nne, mbili ndefu zenye macho nchani, mbili fupi za kunusia. Nani atamtunza?

Jumanne, 4 Machi

Wazo! Gamba la konokono wa aina hii hujipinda kuelekea kulia. Wa kushoto ni adimu mno. Nani atathubutu kufunga maabara yenye kiumbe kama huyo? Nimempiga picha kwa simu, nikaigeuza. Kulia kumekuwa kushoto! Michirizi ya kahawia imezunguka vizuri kabisa. Hata tundu lake la kupumulia, pale chini ya ukingo wa gamba, limehama. Mke wangu kauliza kama na konokono mwenyewe amegeuka. Nikamwambia asiniharibie siku.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi, picha ubaoni. Sifa! Walimu wananipa mkono. Ndipo Kifua Mbele akaikodolea macho, akauliza mbona saa ya ukutani, nyuma ya konokono, namba zake zimegeuka. Mkuu akataka kumwona konokono mwenyewe. Nikasema huwa anabadilika akiogopa. Hakuna aliyecheka.

Mkuu akamweka kiganjani. Aibu iliyoje! Lakini konokono akatoka taratibu, akatandaza mguu wake wenye ute, akaanza kumlamba kwa ule ulimi wa vijino visivyohesabika. Mkuu akacheka kama mtoto, akasema unakwaruza kama msasa. Akaita wanafunzi waje waone. Kifua Mbele naye akaomba zamu! Mwishowe Mkuu akasema maabara itabaki, kwa ajili ya konokono, si kwa ajili yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango umefaulu! Mke wangu anasema konokono wa kweli alitosha tangu mwanzo, anauliza kama nimejifunza chochote. Nimejifunza, tena sana. Saa nimeshaiondoa ukutani.

Muhula ujao, konokono mwenye vichwa viwili. Kinachohitajika ni picha mbili, mkasi na gundi.