Modemu Ndani ya Sanduku la Bati

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Nimemaliza kero ya wageni. Mtu hajakaa hata kitini, ameshageuza modemu yangu kichwa chini asome kode ya kuingilia intaneti. Wanakwaya wa mke wangu ndio hatari zaidi. Kuanzia leo modemu inakaa ndani ya sanduku la bati la vitenge vyake, chini ya kitanda, na kufuli juu. Nimetoboa tundu dogo la waya wa umeme. Safi kabisa!

Jumamosi ni siku kubwa. Dada yetu mkubwa Georgette, aliye Norvège, kule Ulaya, atatusikiliza kwa video, mimi na mdogo wangu Basile. Atachagua msemaji wa familia siku ya mahari ya binti yake Aline. Nani mwingine kama si mimi? Basile hata salamu anasoma kwenye karatasi.

Jumanne, tarehe 4
Tumejaribu video. Dada alikuwa vipande vipande. Aliniuliza kama niko ninaoga. Mama Alliance, mke wangu, anasema nitoe modemu sandukuni. Nimemwelewa vizuri sana! Anataka kode kwa ajili ya kwaya.

Sababu nimeiona dirishani. Jirani Nyandwi ana waya mrefu wa kuanikia ndagala, wale samaki wadogo. Ndio unaonasa rezo yangu, mtandao wote unaishia pale.

Jumatano, tarehe 5
Nimemwendea Nyandwi kwa heshima. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema kama ndagala zake ziko zinatazama video, basi zimwonyeshe na yeye. Mwishowe akakubali waya uhamishwe, mradi nibebe mwenyewe na ndagala zake. Nimebeba. Mgongo unauma, ninanuka samaki, rezo ni ileile.

Ijumaa, tarehe 7
Basile amepita kusalimia. Akashauri tukutane kwake, eti rezo yake iko inatembea vizuri. Modemu ameitundika msumarini sebuleni, kila mtu anaiona! Nimekataa. Nikageuza kitanda, na sanduku lake chini, kikaelekea milimani, kwenye mnara wa rezo. Mama Alliance akauliza mlango utafunguka vipi. Maswali madogo madogo!

Jumamosi, tarehe 8
Maajabu! Dada anaonekana mpaka hereni. Kitanda kimefanya kazi. Basile, aliyekuja kwangu, akaanza yeye, maneno matamu, bila karatasi. Nikaingia chumbani kuvaa koti. Nikakuta nini! Mama Alliance alifungua sanduku kutoa kitenge chake, akaacha modemu kitandani, kode juu, na wanakwaya wawili wako sebuleni. Nikairudisha haraka, nikafunga kufuli.

Zamu yangu. Nikaanza: Sisi watu wa familia hii... Dada akaganda, mdomo wazi. Nikajua nimemgusa. Nikaendelea mpaka mwisho, hata nikalia kidogo. Baadaye ukaja ujumbe wake: amesikia "Sisi" tu. Msemaji ni Basile. Imeniuma sana, sitaficha.

Jumapili, tarehe 9
Nimechunguza. Wale wanakwaya walishasoma kode, wakamaliza rezo yote. Nilichelewa kufunga, basi.

Baada ya misa Basile alikuja kunipa pole. Mahari itatolewa kwake, na dada atamwona binti yake kwa video, maana tiketi ya ndege hakupata. Wageni watakuwa wengi. Akaniomba, mimi mkubwa wake, niangalie modemu siku hiyo isichezewe. Angalau mtu ameona nani ana akili katika familia hii!

Nimeshapita kwa mchomeleaji. Bati lilikuwa jepesi mno. Nimeagiza sanduku la chuma kizito, na kwa kuwa modemu ya Basile ina betri, halitakuwa na tundu hata moja.